Upande wa Kushoto wa Mzee Swaka

Arua, 7 Aprili 2025

Mama Yugu,

Assalaam alaykum. Salaam ni haki ya kila Mwislamu, nami nimekupa haki yako. Habari za nyumbani sikuulizi, maana Jumapili nilizishuhudia kwa macho yangu.

Uliapa pale wodini, mbele ya wauguzi, kwamba hutaki kusikia sauti yangu tena, na simu zangu hupokei. Basi soma. Angelo dereva wa teksi amekubali kubeba barua zetu, na kama utachana hii, angalau ichane ukiwa umeshaimaliza.

Nilikuja Koboko kumwona mume wetu. Nasema wetu, Mama Yugu. Mimi ni mke wa miaka sita tu na wewe una watoto wenye ndevu, lakini shehe aliyetufungisha aliisoma Fatiha ile ile. Ukanionyesha kiti, nikakaa. Nikamsalimia Mzee, hakujibu. Nikamshika bega, hakugeuka. Muda wote alitazama ukuta wa pili kana kwamba kwenye kiti changu hapakuwa na mtu. Na wewe umesimama mlangoni, mikono umekunja, unatazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Sijui umemlisha maneno gani tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa kwanza. Najua tu kwamba umemlisha.

Hayo tuyaache. Elena, yule dada wa mazoezi ya viungo anayekuja kumnyoosha, amezungumza nami. Anasema mkono wa kushoto wa Mzee unajikunja kwa sababu hautumiki, na hautumiki kwa sababu Mzee amekata tamaa. Elena amesomea mazoezi ambayo mgonjwa anavaa miwani kubwa ya kufunika macho kabisa, imeunganishwa na kompyuta. Humo ndani anajiona yuko sokoni, au barabarani anaendesha gari. Ananyoosha mkono, anageuza kichwa, na mwili unasahau kwamba ulikuwa umegoma. Elena naye anafuata kwenye kioo cha kompyuta kila anachokiona mgonjwa. Miwani anayo. Kompyuta yenye nguvu ya kuiendesha hana.

Kompyuta ndiyo kazi yangu, hata ukiita duka langu kibanda cha simu. Nitaiunda mwenyewe, kubwa, ya kusimama chini, yenye nafasi ya kupumua. Nina chumba. Mlete Mzee Arua.

Shakirah


Koboko, 11 Aprili 2025

Shakirah,

Waalaykum salaam. Kujibu salaam ni faradhi. Ingekuwa sunna ningeiacha.

Mzee haendi Arua. Alikwenda huko na miguu miwili, nikarudishiwa nusu mtu. Aliangukia sebuleni kwako, si kwangu. Wewe unasema ulimkimbiza hospitali papo hapo. Mungu ndiye aliyekuwepo.

Una maneno mengi juu ya mashine. Nikuulize moja. Kama mashine yako inaweza kumpeleka mtu sokoni bila kutoka kitandani, inashindwaje yenyewe kutoka Arua kuja Koboko? Barabara si ni lami?

Mimi nimefunga mizigo ya kwenda Kaya, Sudan Kusini, tangu wewe hujaota meno. Vitenge, sabuni, sufuria, vyote vimevuka mpaka vikiwa mgongoni mwangu kabla sijaweza kukodi lori. Kitu kisichobebeka hakinisaidii. Kwa hiyo mashine yako, kama si hila ya kumvuta Mzee kwako, iwe hivi: mwanamke mmoja aweze kuibeba peke yake. Ikae kati ya kitanda na ukuta. Isimalize betri ya sola, maana umeme wa hapa unakuja kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Na isipige kelele.

Dawa sikukataa. Nimekataa safari.

Jalia


Arua, 15 Aprili 2025

Mama Yugu,

Hukuziba bahasha, na swali lako la lami limemchekesha Angelo njia nzima. Mimi sikucheka.

Unadhani kompyuta ni sufuria, kwamba ukitaka ndogo unachukua ya chini yake. Sikiliza. Ndani kuna kitu kinaitwa kadi ya picha. Hiyo ndiyo inayochora dunia anayoiona mgonjwa. Kadi ikiwa dhaifu, picha inakwama. Mgonjwa akigeuza kichwa na dunia isigeuke naye, anapata kizunguzungu anatapika. Kadi yenye nguvu ni ndefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, na joto lake ni la jiko. Lifungie joto hilo kwenye kisanduku, feni lazima zikimbie kulitoa, na feni zikikimbia zinapiga kelele. Hutaki kelele, basi kasha liwe kubwa. Hutaki kasha kubwa, basi chukua kadi dhaifu umtapishe mume wako. Nguvu, udogo na ukimya: ukishika viwili, cha tatu kinaponyoka.

Na usiniambie habari za laptopu. Zenye kadi ya kutosha zipo, lakini kila kiungo kimegandishwa humo. Kikifa kimoja vimekufa vyote, na hapa mjini hakuna wa kuvifufua. Mimi nataka mashine ambayo kila kitu ndani yake nakichomoa kwa mkono wangu na kuweka kingine.

Mtu mwenye akili angempeleka mgonjwa kwenye mashine. Lakini naandika kwa nani?

Chagua basi. Ukishindwa kuchagua, nitajua kwamba hutaki apone. Unamtaka hivyo hivyo alivyo, asiyeweza kutoka kwako.

Shakirah


Koboko, 20 Aprili 2025

Shakirah,

Umeandika jiko, umeandika sufuria, ukadhani umenifunga. Nimeelewa kila neno.

Nachagua nguvu, maana anayefua matapishi ni mimi. Nachagua udogo, kwa sababu nimekwisha kukuambia. Kelele nitavumilia. Huu ni mwaka wa sita navumilia kelele zako.

Ndani ya bahasha utakuta uzi mweusi. Nimepima nao nafasi iliyopo pembeni mwa kitanda. Mpaka fundo la kwanza ni urefu, kutoka hapo mpaka la pili ni upana, na uliobaki ni kimo. Usizidishe. Weka na mkono wa kushikia juu, imara, si ule wa plastiki unaokatikia njiani. Uzito usipite ndoo ndogo ya maji.

Umeuliza kwa Angelo kama Mzee anakula. Anakula nusu sahani.

Jalia


Arua, 18 Mei 2025

Mama Yugu,

Nilipoambiwa nusu sahani nilisema moyoni, huyo mwanamke anampikia chakula cha kuadhibu. Nitarudi kwenye nusu sahani hiyo.

Kwanza mashine, usije ukasema nilikaa bure. Bodi nimetafuta ile ndogo kabisa, mraba wa shibiri moja. Prosesa nimechukua isiyo na tamaa ya umeme, kwa ajili ya sola yako. Kadi ya picha ya kwanza niliagiza Kampala, mtumba. Ilikuwa imechoshwa na wenyewe wa kwanza, nikaiwasha ikanuka kama nywele zinazoungua, nikairudisha na matusi. Ya pili ni fupi, ina feni mbili, na imekubali. Pawa saplai nimepata ya aina ndogo, ngumi mbili zikikutana. Kasha la kununua lenye kufuata uzi wako halipo popote, kwa hiyo nimekwenda kwa fundi bati kule Onduparaka. Siku hiyo kulikuwa na mechi, vuvuzela zinalia kila upande, na yeye anakunja bati bila kuinua kichwa. Ametoboa matundu pande zote mbili, akashona mkono wa ngozi juu. Mlinzi wangu ameibeba kwa vidole.

Nikamwita Elena aje kuiona. Nikamuuliza, "Vitu vya mazoezi vianzie upande gani?"

Akasema, "Kulia. Halafu tuvisogeze kushoto kidogo kidogo, mpaka avifuate. Kushoto kwake sasa hivi hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi? Haoni?"

"Macho ni mazima. Ni ubongo. Kiharusi kimemfutia upande huo wote. Ukikaa kushoto kwake, kwake hukai. Ukimshika bega la kushoto, ni kama umeshika la mtu mwingine. Hata chakula kilichoko upande huo wa sahani anakiacha, anasema amemaliza. Lakini nyinyi si mnajua? Mwezi wa pili nilimweleza mke wake. Nilimwambia wageni wote wakae kulia."

Mama Yugu, kiti ulichonipa kilikuwa upande gani?

Usinijibu, nakumbuka. Nilitoka kwako nikilia mpaka tunaingia Arua. Nilijiuliza nimemkosea nini yule mzee hata aninyime jicho moja. Nililala na swali hilo wiki nzima, na wewe ulikuwa na jibu lake mfukoni.

Mashine imekwisha, iko mezani hapa inawaka. Na itakaa hapa mpaka uniambie ni moyo gani unaomfanyia hivyo mtu.

Shakirah


Koboko, 22 Mei 2025

Shakirah,

Kilikuwa kushoto. Nilikiweka mimi, na nilikifuta vumbi kwanza.

Unasubiri niombe radhi. Subiri, lakini soma na hili. Miaka sita mimi nimekaa upande wa kushoto wa mume huyu, na hakuwa na kiharusi. Analeta lori mpaka uani, anashuka, anaweka sukari mezani. Anawauliza watoto mashamba ya Lurujo yamefikia wapi, na aliyelima niko pale, nimesimama na birika la kumnawisha. Ananawa, maji yanatoka mkononi mwangu, haulizi yametoka wapi. Wageni wakija anasema, "Chakula kitakuja," kama vile chakula kina miguu. Nani alimgeuza kichwa kwa ajili yangu? Ulimwambia hata mara moja, Mzee, salimia nyumba? Wewe umekaa mahali pangu asubuhi moja tu, ukalia mpaka Arua. Machozi yangu mimi yalikauka kabla hujajua njia ya Koboko.

Huo ndio moyo. Umeuona.

Sasa mgonjwa. Sahani huwa namgeuzia, na akiiona ile nusu nyingine anadhani nimeongeza. Hicho ndicho chakula cha kuadhibu. Lakini tangu wiki jana hata hiyo ya kulia haigusi. Nimempikia angara kwa karanga, samaki anayempenda kuliko wote, akaacha. Mgongo umeanza kuchubuka. Hataki kuketi. Ananiambia, "Mimi iko gari mbovu. Mtu anaacha gari mbovu kando ya barabara, anaendelea na safari." Elena anasema mvua hizi zikipita na mkono haujafunguka, hautafunguka tena, na mtu wa kulala hivi hafiki mbali.

Ukitaka kunikomoa kaa na mashine yako. Ila jiulize atakayekomolewa ni nani.

Jalia


Arua, 23 Mei 2025

Mama Yugu,

Nakuja kesho na Elena na mashine. Usinipikie, sitakula kwako. Kiti nitachukua mwenyewe.

Jambo moja uliweke kichwani, maana sitarudia: matundu ya ubavuni ndiyo pua ya ile mashine. Yasizibwe na chochote.

Shakirah


Koboko, 9 Juni 2025

Shakirah,

Mashine yako imekufa. Juzi jioni ilizimika yenyewe katikati ya kazi, Mzee amevaa miwani, akapiga kelele kwamba amepofuka. Nimebonyeza kila mahali ulipoonyesha. Haiwaki.

Nakupa habari zake kwa sababu Elena amesafiri na wewe una haki ya kujua, si kwa sababu nyingine. Siku ile mlipokuja uliondoka umenuna, eti zoezi limeshindikana. Kweli kila ukimweka barabarani aliingiza lori mtaroni upande wa kushoto, tena na tena, mpaka akavua miwani akaitupa kitandani, akasema, "Barabara iko mbovu, serikali inakula pesa tu." Wewe ulisikia hasira. Hukukaa kusikia kesho yake. Asubuhi aliniuliza, "Ile lori iko wapi?" Nikamwambia kula kwanza, lori halitembei na tumbo tupu. Akala. Tangu hapo kila jioni nilimketisha, nikamvalisha, nikabonyeza. Aliingia mtaroni kila jioni, akatukana kila jioni, akala kila jioni. Kidonda cha mgongo kimefunga.

Sasa siku mbili hajala.

Nimempa Angelo mashine. Angalia ni kiungo gani ulikiweka kibovu.

Jalia


Arua, 14 Juni 2025

Mama Yugu,

Kiungo kibovu nimekiona. Ni wewe.

Nimefungua kasha nikakuta nyuzi nyekundu zimejisokota kwenye feni za kadi mpaka zimekaza kama mkufu. Nyuzi za kitenge. Bati la ubavuni limebadilika rangi kwa moto. Uliifunika! Nilikuandikia kwa maneno machache, ya mtoto wa darasa la pili: matundu yasizibwe. Ukaenda kuchukua kitenge chako ukaiziba pua kama mtu anayeua kuku.

Kadi imekufa. Bodi imenusurika kwa kudura tu. Na usiniambie ni kutojua, maana wewe si mjinga. Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Uliona anaanza kuketi. Uliona anaomba lori. Mtu akiketi kesho atasimama, akisimama kesho kutwa atatoka mlangoni. Hilo ndilo ulilofunika.

Nitamwambia Elena. Nitamwambia Yugu pia, nitampigia huko huko Juba, ajue mama yake anavyomuuguza baba yake.

Shakirah


Koboko, 17 Juni 2025

Shakirah,

Mpigie Yugu. Namba yake anayo Angelo.

Niliifunika, ndiyo. Nilitaka inyamaze. Uliniambia mwenyewe kwamba nikichagua udogo na nguvu nitalipa kwa kelele, nikasema nitavumilia. Sikujua kelele hiyo itasema nini.

Kila nikiwasha, feni zinaanza kunguruma, na Mzee bado hata miwani hajavaa. Anafumba macho, anatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotabasamu, anasema, "Shakirah, zima hiyo kitu, kuja ulale." Kila jioni. Nafikiri huko kwako ulikuwa unaleta kompyuta za watu nyumbani na kuzitengeneza yeye akiwa kitandani. Basi anasikia feni, anajua yuko Arua. Mimi ndiye nimemnyanyua kutoka mtoni, maana mara ngapi amelowesha kitanda kikawa mto, nami nikakifua. Mimi ndiye niko na kijiko. "Shakirah, kuja ulale." Siku ya kwanza nilisema ni ugonjwa. Siku ya nne nilichukua kitenge.

Sikuifunika asipone. Niliifunika nisikusikie.

Tengeneza. Na safari hii tafuta feni isiyo na jina la mtu.

Jalia


Arua, 2 Julai 2025

Mama Yugu,

Sitakuambia nilijisikiaje niliposoma kwamba ananiita. Hilo si lako.

Yugu sijampigia.

Kadi nyingine nimepata kwa kijana mmoja aliyekuwa anaichezea mpira wa kompyuta, nzima. Nimeipunguzia nguvu kidogo ili isichemke, na Elena amevaa miwani akageuka huku na huku hakuona kizunguzungu. Feni zile mbili ndogo nimezing'oa. Nimeweka moja pana, inayozunguka polepole. Feni pana haina haja ya kukimbia. Nimeweka sikio juu yake usiku na mchana dukani, haisemi kitu. Lakini haiwezi kuenea ndani ya uzi wako. Fundi wa Onduparaka amepanua ubavu vidole viwili. Sogeza kitanda. Na ukiifunika tena, usinitumie mashine, nitumie habari za msiba.

Jambo la pili. Nilikaa na Elena tukafikiri juu ya mtaro. Tulikosea. Tulimpa barabara ya Uganda, magari yanapita kushoto, na kushoto kwake hakuna dunia, kwa hiyo lori lake linaangukia huko. Lakini Mzee kazi yake ilikuwa kuendesha lori la Juba. Ukivuka Kaya unabadilisha upande: unapita kulia, na malori yanayokuja yanakujia kwa kushoto. Kwa ile barabara, dereva asiyetazama kushoto hajafika hata Yei. Nimebadilisha kwenye mashine. Sasa anaendesha kulia, na mbele yake nimeweka malori ya mizigo yanayokuja, mengi.

Kushoto kwake hakuna mtu. Tuone kama hakuna lori.

Shakirah


Arua, 11 Agosti 2025

Mama Yugu,

Najua umeshangaa kwa nini Jumamosi niliondoka bila kuaga, nikamwacha Elena nyuma atafute usafiri wake. Kuna maneno yalisemwa ukiwa jikoni. Ni haki uyajue, kisha ufanye nayo unavyotaka.

Yale ya mwanzo uliyaona. Nilikuja nikidhani Elena akisema Mzee amepata nafuu ananitia moyo tu, kumbe ni kweli: anasimama na fimbo, na lori likitokea kushoto anageuza shingo yote, anapiga honi kwa mdomo, anamtukana dereva kwa Kiarabu cha Juba. Mkono wa kushoto unatoka kwenye paja kutafuta usukani. Elena akatuambia tukae mkekani wote wawili, upande huo huo wa kushoto, tunyamaze. Mzee akavua miwani. Akageuka polepole. Akatukuta mimi na wewe tumekaa mkeka mmoja, bega kwa bega, akakodoa macho, akauliza, "Nani iko kufa?"

Elena alicheka mpaka akashika ukuta. Na wewe ulicheka, usikatae, nilikuona.

Ukaleta chai. Ukaiweka kushoto makusudi, na yeye akanyoosha ule mkono ambao mwezi wa nne ulikuwa ngumi, akafungua vidole kimoja kimoja, akashika kikombe, hakumwaga. Ulikuwa umesimama hapo hapo nyuma ya kikombe na birika lako. Mimi sikuwa natazama mkono. Nilikuwa natazama macho. Yalitoka kwenye kikombe, yakapanda kwenye birika, yakapita kwenye uso wako kama yanavyopita kwenye dirisha lililo wazi, yakaja kwangu. Ukageuka ukaenda jikoni.

Akaniambia, "Fungasha vitu yangu. Leo tunaenda Arua."

Nikamuuliza, "Na Mama Yugu?"

Akasema, "Yeye iko na mashamba."

Hilo ndilo neno nililolisubiri tangu aanguke. Kitanda nilikuwa nimekwisha kukitandika, chandarua kipya nimetundika. Nilitaka kumwambia ndiyo, kisha nikakumbuka macho yale yalivyokupita. Macho yake yamepona, Mama Yugu, na bado hakukuona. Basi haukuwa ugonjwa. Na siku atakapopata nyumba ya tatu, Yei au Yumbe, mimi nitawekwa upande gani?

Nikamwambia kile chumba nimekijaza kompyuta za watu. Ulikuwa uongo siku ile. Kuanzia jana ni kweli. Nikatoka kwa mlango wa uani. Nitakwenda kwa shehe kuomba talaka, na nitaiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Usidhani nimefanya kwa ajili yako. Kile kiti sijakusamehe.

Shakirah


Koboko, 16 Agosti 2025

Shakirah,

Waalaykum salaam, ingawa tangu barua ya kwanza hujanisalimia tena.

Huruma yako nimeirudisha, ipo ndani ya bahasha hii, itafute. Sikuhitaji unieleze macho ya mume wangu yanapita wapi. Nilikuwa nimesimama njiani yakipita. Na kuhusu talaka, hiyo ni kati yako na yeye. Kwangu hutasikia pole wala hongera.

Alikasirika siku mbili. Alisema nimekufukuza. Nikamwambia ulikuja kwa miguu yako na umeondoka kwa miguu yako, na yeye sasa anayo yake, akufuate akitaka. Hajakufuata. Anatembea na fimbo mpaka getini, anatazama malori yanayoelekea Oraba mpakani, anarudi.

Mashine nimempa Angelo aipeleke Adumi. Elena ana mwanamke huko, mama wa watoto wadogo, kiharusi kimempiga baada ya kujifungua. Niliibeba mwenyewe mpaka stendi. Nimemwambia Elena mambo mawili: isifunikwe, na mume wa huyo mama aonyeshwe mahali pa kukaa. Kama umeme wa huko utasumbua, utakwenda wewe kuiona, maana wengine wote watabahatisha. Chandarua chako kipya usikipeleke dukani kufunikia vitu. Umeona kitenge kilivyofanya.

Mimi nimerudi Lurujo kwenye ufuta. Mvua imeshika vizuri na nilikuwa nimechelewa. Natoka asubuhi, narudi jua likiwa chini. Chakula cha mchana nakiacha kwenye hotpoti, anajipakulia kwa mkono wa kushoto. Elena ameamuru, na hata asingeamuru.

Juzi nilirudi nimechoka, nikapakua cha usiku, tukakaa. Akaonja mchuzi, akauliza ukuta, "Chumvi iko wapi?"

Zamani ningenyanyuka kabla hajamaliza kusema. Nilikata tonge, nikachovya, nikatafuna mpaka nikameza.

Nikamwambia, "Iko mbele yako, Swaka. Angalia."

Jalia